Balozi Aliyeitwa Mkataa

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi zito na saa ya ukutani. Blanketi nimelielewa, maana mnaijua baridi ya Njombe mwezi wa sita unapoingia. Saa sijaielewa mpaka leo. Mtu amestaafu, mnampa saa awahi wapi? Nimeitundika sebuleni hapa Kidugala, inagonga peke yake. Kisha mkaniomba niandike mambo ya kazini, eti yasipotee. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, viko kwenye faili na havimfundishi mtu kitu. Nitaandika juu ya kanzidata ya hospitali yetu, jinsi tulivyoibomoa na kuijenga upya huku watu wakiwa ndani, na juu ya mzee mmoja wa Lyamkena ambaye nusura tumponze kwa kufanya usafi. Hospitali sitaitaja jina. Mnaoijua mnaijua, na msioijua hamtapungukiwa.

Nilipoanza kazi nilipokelewa na Mama Eliza, mkuu wa mapokezi, mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili mwaka mzima na mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Aliniuliza kama najua kusalimia. Nikamjibu kwamba nimesomea utunzaji wa kumbukumbu. Akasema hilo hakuliuliza. Basi akanikalisha kwenye benchi pamoja na wagonjwa mpaka jioni, nisikilize tu, nami nikanuna, maana nilikuwa na cheti na viatu vipya. Lakini kwenye benchi lile ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kuja leo akiitwa Ester, akirudi mwezi ujao anaitwa Mama Tito, na akizidiwa analetwa na shemeji anayelijua jina la ukoo peke yake. Wote ni huyohuyo, na kadi yake ni moja. Mama Eliza alikuwa akimsalimia mtu kwanza, kamwene, habari za shamba, watoto wameamkaje, na huku mkono wake umeshafika kwenye droo.

Kadi zenyewe zilikuwa na mistari ya kujaza: jina, jinsia, kijiji, dini, balozi. Ninyi wadogo, balozi hapa si yule wa gari lenye bendera. Ni balozi wa nyumba kumi, mtu wa kutafutwa mgonjwa akitoroka wodini au, Mungu apishe mbali, akifariki na ndugu hawajulikani. Jambo zito kuliko yote halikuwa na mstari wake. Kama dawa fulani ilimdhuru mgonjwa, Mama Eliza aliandika kwa wino mwekundu juu kabisa ya kadi, kwa herufi kubwa, na kalamu hiyo nyekundu hakumwazima mtu. Niliwahi kuichukua niandike jina langu kwenye kikombe changu cha chai. Nilisemwa mpaka kikombe chenyewe kikanichosha.

Kompyuta ilipoletwa, kijana aliyekuja kututengenezea programu alipewa kadi tupu iwe mfano. Akaisoma vizuri, akageuza kila mstari wa kadi kuwa kolamu kwenye jedwali. Kazi safi kabisa. Ila kadi tupu haina wino mwekundu. Kwa hiyo mashine yetu ilizaliwa ikiwa na mahali pa kuandika dini ya mgonjwa na jina la balozi wake, na haina mahali pa kuandika kwamba sindano fulani inaweza kumuua. Kijana akapanda gari la asubuhi akaenda zake. Sisi tulikuwa bado tunashangaa jinsi herufi zinavyotokea kwenye kioo, nani angekumbuka kuuliza.

Muda si mrefu nikahamishiwa tawi letu la Makambako. Pale ni njia panda, mjue. Mgonjwa mwingine ameshuka kwenye lori la mbao dakika hiyohiyo, ukimwuliza anakaa wapi anakujibu, "Hapahapa kwa sasa." Mashine ilitaka kijiji, na "kwa sasa" si kijiji. Na ilikuwa na kolamu moja tu ya simu. Mtu wa Makambako ana laini mbili, na ya tatu ni ya jirani ambaye simu yake inakaa na chaji. Basi tukawa tunabana namba zote kwenye kisanduku kimoja. Mmoja anatenganisha kwa alama ya mkwaju, mwingine kwa nukta, mwingine anaandika kabisa "hii ya shemeji, msipige akiwa kanisani." Siku tulipotaka kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kliniki, mashine ilikataa, na mimi sikuilaumu.

Ikabidi simu zitolewe kwenye jedwali la wagonjwa zipewe jedwali lake, kila namba kwenye mstari wake na mwenye namba akitajwa. Tulizinyoosha moja moja kipindi chote cha mvua, tukiwa na jiko la mkaa chini ya meza. Hapo nikashika jambo ambalo nawaachia kama urithi: mtu akikosa mahali pa kuweka kitu hakitupi, anakichomeka popote penye nafasi. Ukikuta kolamu ina vitu vya ajabu, usicheke haraka. Kuna mtu alikuwa anatafuta pa kuweka kitu.

Kisha mkoa ukagawanywa. Tulilala tukiwa watu wa Iringa, tukaamka watu wa Njombe, bila hata kuhamisha kuku. Kwenye mashine ikaonekana ni kazi ya amri moja, palipo na Iringa pawe Njombe. Bahati nzuri tulijaribu kwanza kwenye nakala, si kwenye kanzidata yenyewe. Tukakuta tumewahamisha hata wale wanaoishi Iringa mjini kwelikweli, nyumba zao na maduka yao. Tukaanza upya, kata kwa kata, kijiji kwa kijiji. Lyamkena peke yake tuliikuta imeandikwa kwa namna ambazo hata waliozaliwa huko wasingeitambua.

Niliporudi hospitali kuu, Mama Eliza alikuwa ameshastaafu, na mambo ya mabalozi yalikuwa yamepoa. Ofisi nyingi hazikuwa zikidai tena barua ya balozi. Mashine yetu ndiyo haikupata habari. Usipojaza balozi haihifadhi mgonjwa, inakaa inakuangalia. Wasajili wakawa wanajaza nukta, au alama ya kuuliza, au jina la mjomba. Wakati huohuo tuliambiwa mfumo wetu utaunganishwa na mfumo mpya, kwa hiyo tuusafishe kwanza, tuongeze vinavyohitajika na tuondoe visivyohitajika. Kazi hiyo alipewa Injinia Shabani, kijana mpole aliyetoka Dar es Salaam, ambaye alikunywa chai akiwa amevaa glavu na hakuona aibu.

Tukakaa naye kupitia kolamu moja baada ya nyingine. Dini ikabaki, kwa sababu wachungaji na mapadri wanaozungukia wodi wanaihitaji. Balozi tukaona aondoke. Tulipokuwa tunamwangalia kwa mara ya mwisho nikaona jina moja linajirudia: Mkataa P., Mkataa S., halafu Mkataa P. tena. Kidugala yupo, Lyamkena yupo, mpaka Makete yupo. Nikamwambia Shabani huu ukoo wa Mkataa lazima uwe ukoo wa uongozi, maana wamekamata nyanda zote. Yeye akasema mkataa pema pabaya panamwita, tukacheka, tukaendelea na kolamu iliyofuata. Akapanga mashine ifute kolamu ya balozi siku ya Jumapili, wakati wa ibada, hospitali ikiwa imetulia.

Ijumaa ya wiki hiyo muuguzi wa wodi ya upasuaji akanifuata ofisini. Kulikuwa na mgonjwa wa ngiri wa Lyamkena, Mzee Yeremia, aliyepangiwa kupasuliwa Jumanne, na simu zake zote hazipatikani. Kwa kuwa siku hizo nilikuwa na nyumba Lyamkena na kila mwisho wa wiki nilikwenda, akaniomba nimpelekee karatasi yake. Ni ile karatasi ndogo inayochapwa na mashine, jina juu, balozi chini yake, kisha mengine. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mzee uani akichambua viazi vya mbegu, vidogo huku, vikubwa kule, ngiri imemlazimisha kukaa kwa upande mmoja. Tukasalimiana kwa kirefu kama inavyopasa. Alikuwa mtu wa kuheshimika, mzee wa kanisa, mwenye maneno machache yaliyopangwa. Nikamsomea siku na saa, nikamwambia asile kitu tangu usiku wa kuamkia Jumanne. Katika kumsomea, jicho likatua juu ya karatasi, palipoandikwa balozi wake ni Mkataa P. Nikasema, kupitisha mazungumzo tu, kwamba huyo balozi wao nina hamu ya kumwona, maana naona ana watu mpaka Kidugala.

Mzee akaacha viazi.

"Mama, balozi wa hapa ni mimi. Huyo Mkataa ni nani?"

Nikampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaisoma, kisha akaanza kucheka taratibu akiwa ameshika ngiri yake isimuume. Akasema basi huyo Mkataa naye ni yeye. Akanisimulia kwamba zamani alichomwa sindano ya penisilini kwa ajili ya jipu, uso ukavimba, koo likaziba, akaja kuzinduka akamkuta mchungaji ameshaitwa. Siku ya kuruhusiwa, Mama Eliza wa mapokezi alimwambia kwamba mwili wake unakataa penisilini, na kwamba ameshamwandika Mkataa, aende nyumbani kwa amani.

Nikakaa juu ya gunia la viazi. Nikamwuliza kama amemwambia daktari atakayempasua.

"Nimwambie nini tena? Si mliandika?"

Ninyi mnaobaki kwenye kile chumba, hayo maneno mawili ndiyo kazi yenu yote. Watu wanatuambia jambo mara moja, wanakwenda kulima, wanalala usingizi, kwa kuwa tuliandika. Nikamsihi amwambie daktari kwa mdomo wake. Akakunja uso. Akasema yeye ni mtu mzima, alisema siku ile na anayehusika akasikia, na kama sisi wenyewe hatukiamini tulichoandika, yeye atuamini kwa lipi? Niliogopa, nasema wazi. Kabla ya kupasuliwa mtu huchomwa dawa ya kuzuia vidonda visioze, na dawa iliyokuwa ikitumika wodini kwetu ilikuwa ya jamii hiyohiyo ya penisilini. Kesho yake mashine ingefuta kolamu, Jumanne mzee angelala mezani, naye angenyamaza kwa heshima zake zote kwa sababu tuliandika. Kadi yake ya zamani, ile ya wino, ilishateketezwa pamoja na nyingine zilizoliwa na panya.

Ningeweza kumwambia muuguzi kwa simu, na nilimwambia palepale. Lakini neno la mdomo hufa zamu inapobadilika. Na hao Wakataa wengine wote waliokuwa mashambani mwao bila habari, nani angewapigia simu?

Nikampigia Shabani. Akanisikiliza, kisha akaniambia kwa upole wake kwamba alishakagua, kolamu ya balozi haisomwi na ripoti yoyote.

"Ripoti haisomi, Shabani," nikamwambia. "Watu ndio wanaosoma."

Akasema nakala ya akiba ya kila kitu itakuwepo. Nikamjibu kwamba nakala itakuwa kabatini na mzee atakuwa mezani. Nikamsikia anapuliza chai. Halafu akasema neno ambalo sijawahi kulisahau, na kijana huyu Mungu ambariki kwa hilo.

"Basi tusifute kitu, mama. Tuongeze kwanza."

Akanieleza namna ya kufanya. Unajenga kipya pembeni, unahamisha, unalinganisha cha zamani na kipya, watu wanazoea, na cha zamani unakiacha palepale mpaka uone hakuna anayekigusa. Hapo ndipo unapokiondoa. Mtu akihama nyumba haanzi kwa kuezua paa la zamani. Akasema anaondoa ile amri ya Jumapili muda huohuo, na kwamba mimi niende nikajue herufi hizo maana yake nini, kwa sababu yeye hawezi kuhamisha asichokielewa. Nilimshukuru huku bado nimeshika kiazi cha mzee mkononi, na sijui nilikiokota saa ngapi.

Mchana nikawa Kidugala kwa Mama Eliza. Nilimkuta anapukuchua mahindi, sweta mbili vilevile. Nilipomtajia Balozi Mkataa alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Akaniuliza inakuwaje simjui Mkataa, wakati yeye amefanya naye kazi zaidi kuliko alivyofanya na mimi. Kumbe mashine ilipomnyima wino mwekundu alitafuta ni kitu gani kinatokea juu ya karatasi inayokwenda kwa daktari, akaona ni jina na balozi. Jina hawezi kulichezea. Basi akamchukua balozi. P. ni penisilini, S. ni salfa. Aliogopa kuandika jina la dawa zima kwa sababu kisanduku kilikuwa kifupi, na isitoshe daktari mwenye haraka angeweza kuona neno "penisilini" akadhani ndiyo anayotakiwa kumpa. Madaktari na wauguzi wa wakati ule wote walijua. Mimi nilikuwa Makambako, ambako mabalozi waliandikwa mabalozi wa kweli.

Nikamwuliza juu ya Mkataa U., maana huyo alikuwepo mmoja. Akasema huyo ni mama wa Makete, akinywa uji wa ulezi mwili mzima unatoka vipele, na jikoni walikuwa wakimlazimisha. U. ni ulezi. Nikamwuliza pia juu ya Mkataa Petro, aliyeandikwa Makambako. Akafikiri, akatikisa kichwa, akasema huyo hamjui. Nikataka kujua kwa nini hakumwachia mtu siri yote hii. Akanijibu bila kukasirika kwamba haikuwa siri. Aliyempokea kazi alimwambia, na huyo akamwambia aliyempokea yeye, na huyo wa tatu ndiye aliyekuwa na haraka.

Jumapili, wengine walipokuwa kanisani, mimi na Shabani tulikuwa ofisini. Nilimwomba Mungu anihesabie kuwa ibada. Tukajenga jedwali jipya, tukaliita Mizio. Mgonjwa ni nani, ni kitu gani kinamdhuru, nani alisema, na limehakikiwa au bado. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mistari mingi humo au asiwe nao kabisa, na hakuna anayelazimishwa kujaza nukta. Kisha tukaanza kuwahamisha Wakataa. Shabani angeweza kuwasomba wote kwa amri moja, lakini tulishajua kwamba wa Makambako wanaweza kuwa watu kweli. Na kumwandikia mtu mzio asio nao si jambo dogo, unamnyima dawa nzuri siku anayoihitaji. Kwa hiyo wote wakaingia na alama ya "bado kuhakikiwa", na waliokuwa na simu tukaanza kuwapigia.

Wengi walikumbuka palepale. Mmoja alitusomea mpaka jina la muuguzi aliyemhudumia na sketi aliyovaa. Tulipowapigia watu wa Mkataa Petro kule Makambako tukajibiwa kwamba ni balozi wao, mzima wa afya, na kwamba anauliza tunamtakia nini siku ya Bwana. Shabani alicheka mpaka akavua glavu. Mwisho akaniuliza alama ya mzio kwenye kioo cha daktari aipake rangi gani. Nikamwambia nyekundu, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Hakujua kwa nini macho yananitoka machozi, akadhani ni moshi wa jiko.

Jumanne asubuhi nilikuwa na kazi nyingi ofisini na sikufanya hata moja. Nilitafuta sababu ya kupita wodi ya upasuaji, nikapita, nikarudi, nikapita tena. Daktari, binti mdogo aliyekuwa mgeni kwetu, alimfungua Mzee Yeremia kwenye mashine na utepe mwekundu ukajaa juu ya kioo. Akamgeukia akamwuliza kama ni kweli penisilini inamdhuru. Mzee alinyoosha kidole kwenye kioo, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto ubao. Daktari akaita dawa nyingine, wakamwingiza.

Na hakuna kilichotokea. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu katika kazi yenu hakuna atakayewapigia makofi kwa jambo ambalo halikutokea. Mzee alipasuliwa, akashonwa, akatolewa, akaamka na kuuliza kama mvua imenyesha Lyamkena. Jioni alikuwa analalamika kwamba uji wa hospitali ni mwepesi. Mimi nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikakaa, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu kwenye gunia la viazi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepapasa mfuko akakuta funguo zipo.

Kolamu ya balozi tuliiacha ikae. Tuliifunga isiandikwe tena ila isomwe, na tukaihakiki jina kwa jina mpaka Wakataa wote wakapata makazi, na mama wa Makete na ulezi wake wakiwemo. Wauguzi wa zamani waliendelea kuitupia jicho kwa mazoea, kisha wakaacha. Hapo ndipo Shabani aliponisogezea kiti akaniambia nibonyeze mimi. Nikabonyeza. Kolamu ikaondoka kimya, wala taa haikupepesa. Kwenye daftari la mabadiliko Shabani aliandika sababu kama wanavyoandika mainjinia. Chini yake mimi niliongeza sentensi moja ya kueleza Mkataa alikuwa nani, ili wa tatu mwenye haraka akija aikute.

Sasa la mwisho, ambalo hamlijui, kwa sababu limetokea baada ya saa yenu kutundikwa. Wiki yangu ya kwanza ya kustaafu nilisikia kwa majirani zangu wa Lyamkena kwamba Mzee Yeremia ameugua tena, kitu kingine kabisa, na amepelekwa hospitali ya Ikonda. Ikonda mashine yetu haifiki. Ule utepe mwekundu tulioujenga kwa jasho unaishia kwenye geti letu, na yule mzee hasemi mara mbili. Nikapiga namba zake zote, hazipatikani, kama kawaida yake. Nikapiga ya mtoto wake, inaita tu. Nililala vibaya, nikaamka vibaya, chai ikapoa mezani.

Mchana simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa yeye, kwa simu ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, sauti nyembamba lakini imepangwa vilevile. Akanisalimia kwa kirefu, akauliza habari za kustaafu, akauliza viazi vyangu vimeshika vipi, na mimi najibu huku roho iko juu. Mwishowe nikashindwa kuvumilia nikamwuliza kama wamemwuliza juu ya dawa.

"Sikungoja waulize," akasema. "Mapokezi palepale, kabla ya jina, nimewaambia mimi ni Mkataa P. Wakacheka. Nikawaambia waandike kwanza, watacheka baadaye."

Nikamwuliza kama waliandika.

"Kwa wino mwekundu, mama. Nimesimama pale mpaka nimeuona umekauka."